Mama Chenji wa Sirari na Bajeti Zangu za Uongo

Ukimpa noti aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaitazama juani, kisha badala ya kukutajia bei ya siku hiyo akakuuliza, "Ya nini?" Hakuuliza imetoka wapi. Hilo, alisema, ni swali la polisi, na polisi wana mshahara wao. Yeye alitaka kujua inakwenda wapi. Ukisitasita alikurudishia noti yako na kuendelea kumenya chungwa lake. Hivyo ndivyo alivyobadilisha fedha pale Sirari kwa miaka yote niliyomfahamu, ya Kenya kwa ya Tanzania na ya Tanzania kwa ya Kenya, na mpaka leo sijaona biashara nyingine ambayo mteja anahojiwa kabla hela yake haijapokelewa.

Tulimwita Mama Chenji. Jina la nyumbani alikuwa nalo, na kanisani kwake lilijulikana sana kwa sababu nitakayoieleza, ila mpakani hakuna aliyelitumia. Kiti chake cha plastiki kilikuwa hatua chache kutoka foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Isebania, upande wa Kenya, kati ya muuza vocha na mama wa chapati. Alikuwa mnene, magoti yake yalikuwa mabovu, na mkoba wa fedha aliufunga kiunoni chini ya kanga. Mapajani aliweka kalkuleta mbili, moja ya kupigia hesabu za Kenya na nyingine ya Tanzania, na hakuruhusu zibadilishane kazi. Nilijaribu siku moja kumweleza kwamba mashine haina uraia. Akanijibu kwamba ya kwangu niitumie nitakavyo.

Bei yake wala haikuwa nzuri. Vijana waliosimama kando ya barabara walikupa zaidi kidogo na hawakukuuliza chochote. Ila kijana angeweza kukuchomekea noti iliyochanika katikati ya bunda, au akahesabu mbiombio mpaka ukaondoka na pungufu. Mama Chenji alihesabu polepole, mara mbili, halafu akakulazimisha na wewe uhesabu mbele yake, hata mvua ikiwa inanyesha. Madereva walimpendea hilo. Mimi nilimpendea jambo jingine ambalo nilichelewa kulikubali: alikuwa mtu pekee Sirari aliyejua kwamba sina akili ya fedha, na hakumtangazia mtu.

Ingekuwa aibu kubwa kama angetangaza. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Kazi yangu kutwa nzima ilikuwa kuwakokotolea watu ushuru wa vitunguu, vipuri na mitumba, na sikumbuki kukosea hesabu ya mtu. Nilivaa tai. Nilikuwa na kalamu tatu mfuko wa shati, moja nyekundu. Mshahara wangu ulikuwa laki nne na ishirini, na kila tarehe ishirini na tano nilikuwa naulizana na mama wa chapati kama anaweza kunivumilia mpaka mwezi uishe. Mtu wa tai akiomba kuvumiliwa chapati mbili, hata yule mama alikuwa anaona haya kwa niaba yangu.

Wakati huo mke wangu Rhobi na binti yetu walikuwa Mugumu, kule Serengeti, nyumbani kwa mama yangu. Mimi nilipanga chumba kimoja Sirari, chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Tulikubaliana kwamba ni kwa muda mfupi, nikijipanga nitawaleta. Muda mfupi ukafika miaka minne. Nyumba ya vyumba viwili Sirari ilikuwa elfu tisini kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, mimi hata mwezi mmoja wa akiba sikuwahi kuushika. Rhobi si mtu wa kelele. Alinipigia siku moja akasema mtoto akianza darasa la kwanza ataanzia mahali baba yake analala. Ikishindikana, nisimwambie tena habari za Sirari, yeye atajua kwamba mumewe ni mtu wa kuja Krismasi. Mtoto alikuwa amebakiza mwaka na nusu kufika darasa la kwanza.

Nikatengeneza bajeti. Nilinunua daftari la jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Ilikuwa bajeti nzuri sana kuitazama. Chakula elfu sitini. Michango elfu tano. Starehe sifuri, nikaipigia mstari chini mara mbili. Akiba laki moja na arobaini. Nilijisikia mtu mpya kabisa, na kwa kujipongeza nikavuka kwenda Isebania kula nyama.

Hapo lazima nieleze ugonjwa wetu watu wa mpakani, maana sikuugua peke yangu. Mshahara tulilipwa kwa shilingi za kwetu. Lakini madereva na wafanyabiashara kutoka ng'ambo, karatasi zao zikimalizika mapema, walikuachia mia mbili ya Kenya, mia tano ya Kenya, wakisema "ni ya chai tu, boss." Na hela ya Kenya, kichwani mwetu, haikuwa hela. Hukuifanyia kazi ya mwezi, huna mtu wa kumweleza, haimo kwenye hati ya mshahara. Ukiwa nayo mfukoni unajiona uko matembezini. Tuliivusha tukaimalizia hukohuko kwa nyama choma na mpira wa kwenye televisheni kubwa, tukarudi kwa miguu tukiwa watu waadilifu ambao hawajagusa mshahara. Nilifanya hivyo kwa miaka minne, na sikuwahi kuiandika hata senti moja.

Mama Chenji alikuwa ananiona ninavyovuka. Siku niliyompelekea noti ya elfu moja ya Kenya anibadilishie, kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa hata ya maji, akauliza swali lake. Nikajibu kwa madaha kwamba ni ya akiba, maana sasa hivi naishi kwa bajeti. Akataka aione. Nikaenda chumbani nikaileta mbio, kama mtoto anayeleta ripoti ya shule.

Aliisoma yote kwa kidole, kurasa mbili. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikasema ni mimi.

"Huyu hapa anakula elfu sitini, haendi popote, hafiwi, haalikwi harusi," akasema. "Mimi simjui. Wewe mura ninayekujua jana ulikuwa na mfupa wa mbuzi mkononi saa nane mchana."

Mura ndivyo wazee wa Kikurya wanavyomwita kijana, na nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Akanirudishia daftari, akaniambia bajeti ya mwezi ujao hataki kuiona. Nimletee mwezi uliopita. Kila mtu anajua kuandika mwezi ujao, alisema, kwa sababu mwezi ujao hajaula bado.

Mwezi uliopita tuliutafuta kwenye simu yangu. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni ya kiti chake, siku ya Jumamosi, tukasoma ujumbe mmoja mmoja wa kutuma na kutoa hela. Ilichukua saa mbili, wateja wakija na kuondoka, na mimi nikisoma kwa sauti ya chini ili muuza vocha asisikie. Kundi la harusi ya mtu niliyesoma naye, elfu thelathini. Msiba Nyamongo, elfu ishirini na nauli. Msiba mwingine. Harusi ya mdogo wa mtu niliyesoma naye, ambaye hata sura yake siikumbuki, elfu ishirini. Makato ya kutolea hela elfu kumi kumi, kwa kuwa niliamini nikitoa kidogo kidogo natumia kidogo. Michango peke yake ilizidi elfu themanini, na bajeti yangu tukufu iliipa elfu tano.

Halafu akaniambia niandike kichwa kipya: Isebania. Nikakataa. Nikasema ile si sehemu ya mshahara. Akachukua kalkuleta ya Kenya, akaniuliza madereva wangapi kwa wiki, akagonga vitufe. Akahamia kwenye kalkuleta ya Tanzania, akagonga tena, akanionyesha. Ilikuwa zaidi ya laki moja kwa mwezi. Kodi ya vyumba viwili nilikuwa naila na kachumbari. Nilikaa kwenye ile ndoo nikitazama malori, na kusema kweli nililengwa na machozi, ila nikasingizia moshi wa magari.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na udhaifu wake, na ulikuwa na jina. Kanisani kwake, ibada ikiisha, zile sadaka za mazao zinanadiwa nje, mkungu wa ndizi, jogoo, debe la mahindi, na anayetaja bei kubwa anatangazwa kwa kipaza sauti. Mama Chenji alikuwa hawezi kuona mnada akanyamaza. Jumapili moja nilikuwepo aliponunua boga, boga moja la kawaida, kwa elfu thelathini, baada ya kushindana na mke wa mwalimu mkuu mpaka mke wa mwalimu mkuu akakaa chini. Alilibeba kichwani mwenyewe kurudi nyumbani na magoti yale, akisimamisha watu njiani wampongeze.

Jumatatu nikamvamia kwa furaha. Nikamuuliza boga la elfu thelathini ni la nini. Hakutikisika. Alitoa daftari lake, dogo, la jalada lililokunjamana, akanifungulia. Chakula, dawa ya magoti, bodaboda, ada ya mjukuu, na chini yake kwa herufi kubwa: Sifa, elfu arobaini.

"Ningeiandika sadaka, Mungu angecheka," akasema. "Hapo nanunua jina langu lisomwe. Ni elfu arobaini kila mwezi. Zikiisha, Jumapili zilizobaki naumwa."

Na kweli alikuwa anaumwa. Nilikuja kugundua kwamba mwisho wa mwezi hakanyagi kanisani, anatuma salamu kwamba miguu imemkataa, na Jumatatu yuko kwenye kiti chake mzima wa afya anamenya chungwa. Nikaona basi na mimi niwe mkweli. Nikaongeza kwenye daftari langu kichwa kiitwacho Ujinga. Mwezi wa kwanza Ujinga ulikuwa elfu tisini na tano, pamoja na viatu vyenye ncha nilivyonunua kwa kuwa muuzaji aliniita bosi.

Maswali yake hayakumpendeza kila mtu. Mchimbaji mmoja wa kutoka Nyamongo, ambaye mgodi mdogo alioingia na wenzake ulikuwa umetema dhahabu wiki hiyo, alikuja na bunda limevimba mfukoni, anataka la Kenya lote. Ya nini? Ya kwangu, akajibu kwa ukali. Mama Chenji akambadilishia nusu, nusu nyingine akakataa, akamwambia aje kesho yake asubuhi. Yule bwana alimtukana mbele ya foleni nzima ya malori, na hakwenda kwa vijana kwa sababu ya kiburi tu. Asubuhi alirudi na kiatu kimoja. Alibadilishiwa kimyakimya, akapewa na chungwa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Na yeye mwenyewe alitapeliwa, tena vibaya. Mtu aliyevaa suti alimwamkia shikamoo kwa kuinama mpaka magotini, akamuulizia hali ya magoti, akamwita mama mara nyingi, akampa noti tano za bandia abadilishe. Mama Chenji, ambaye alitazama noti zangu juani kana kwamba mimi ni jambazi, zile hakuzitazama. Jioni alipogundua alikaa na kanga usoni. Nilimuuliza ataandika hasara ile wapi. Akasema chini ya Sifa, kwa kuwa ni salamu ndizo zilizomlevya, na mwezi ule wote hakununua hata ndizi mnadani. Nilimwonea huruma sana, ila pia nilifarijika kidogo, na hilo nalikiri.

Mwaka ule nilihangaika. Mara nilipunguza Isebania, mara Isebania ikanipunguza mimi. Nilijitoa kwenye makundi mawili ya harusi nikarudishwa kwenye matatu. Mwezi mmoja nilidanganya Ujinga, nikaandika elfu kumi, na Mama Chenji alitazama tu simu mpya mkononi mwangu mpaka nikaiandika. Lakini hela za madereva sasa nilizipeleka kwake moja kwa moja kabla hazijapata wazo la kuvuka, na polepole ile kodi ya miezi sita ikaanza kuonekana. Ilipofika laki tano na elfu arobaini, kamili, miezi miwili kabla mtoto hajaanza shule, Mama Chenji hakuwa tena mpakani. Magoti yalikuwa yamemshinda kabisa. Mahali pa kiti chake palikuwa na kijana mwenye simu tatu, asiyeuliza mtu lolote.

Ilinichukua mpaka Desemba kumfuata kwao, kijiji cha milimani juu ya Tarime. Nilimkuta uani ameanika mahindi kwenye turubai, amekaa kwenye kiti kilekile cha plastiki na fimbo mkononi ya kulindia kuku. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama ndiyo nimekuja na lile daftari. Nilikuwa nimekuja nalo.

Nilimweleza shida yangu yote. Kodi ninayo, lakini kodi ni ya kuingilia tu. Nimepiga hesabu ya mwezi wa watu watatu Sirari, kwa ukweli wote alionifundisha, michango, misiba, Ujinga elfu ishirini, Isebania sifuri na safari hii sifuri ya kweli, halafu chakula, maji, kuni, sare na daftari za mtoto, dawa. Kila mwezi kunapungua elfu tisini. Nimekata kila kinachokatika. Nimeona heri nimwambie Rhobi tusubiri mwaka mmoja zaidi, na nilikuwa nimekuja kwa Mama Chenji ili anisaidie namna ya kulisema. Moyoni nilijua Rhobi atakachojibu, na niliogopa kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Akasoma kwa kidole, kama zamani. Alifika kwenye mstari ulioandikwa Mke, matumizi. Akasimama hapo.

"Na huyu ana nini?" akauliza.

Nikasema huyo ndiye mke wangu.

"Najua ni mke. Nakuuliza ana nini."

Nikaanza kueleza kwamba Rhobi yuko pale kwa mama, anasaidia kazi za nyumbani. Nikakumbuka kwamba aliwahi kunitajia kigenge cha mboga alichofungua karibu na stendi ya Mugumu. Nilimjibu nini siku ile? Nilimwambia aangalie jua lisimuumize kichwa. Sikuuliza zaidi, wala yeye hakuongeza.

"Umemwoa miaka saba," Mama Chenji akasema, "na umemwandika kama gunia la mahindi, kilo ngapi na bei gani. Mpigie."

Nikampigia palepale, simu ikiwa imewekwa sauti ya nje kwa sababu Mama Chenji alininyooshea fimbo. Nilimweleza Rhobi kwamba nina bajeti na nataka aisikie. Akasema nisome. Nilisoma mwanzo hadi mwisho, mstari kwa mstari, hata Ujinga, hata lile la elfu tisini zinazopungua. Nilipomaliza nikafunga daftari.

"Anza upya," Rhobi akasema. "Andika mshahara wako."

Nikamwambia uko juu kabisa, nimeshauandika.

"Chini yake andika wangu."

Akataja kiasi. Nilimwomba arudie, nikalaumu mtandao, naye akarudia taratibu, vilevile. Niliweka daftari pajani nikaandika. Mama Chenji aliinuka, na magoti yale yale, akaenda kuwafukuza kuku waliokuwa upande wa pili wa uwanja, mbali kabisa na mahindi yake.

"Hiyo nyumba ya vyumba viwili," Rhobi akaendelea, "inatazama barabara?"

"Inatazama," nikasema.

"Basi lipa."